Bando, Salio na Kitochi: Mwongozo Kamili wa Kutumia Simu Bila Kuvujisha Hela

"Mwanangu, jana asubuhi nilijiunga kifurushi cha elfu mbili. Leo nampigia mjukuu, naambiwa salio halitoshi. Wamezila."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hebu angalia mwenyewe."

Nikaichukua simu. Ujumbe wa kujiunga ulikuwepo bado, na mwisho wake umeandikwa: muda wa kuisha 07:40. Mama alisoma saa saba na dakika arobaini mchana. Mtandao ulimaanisha saa moja na dakika arobaini asubuhi. Alipofika kibandani kwangu ilikuwa saa nne, na dakika zake zaidi ya ishirini zilikuwa zimeshakufa bila kuongewa.

Nauza vocha, nasajili laini na kufanya miamala, na kesi za namna hii nazipokea kila wiki. Mara nyingi hakuna aliyeiba kitu. Mtu amenunua muda akidhani amenunua dakika. Nitaeleza jinsi ninavyowafundisha wateja wangu, kuanzia laini mpaka siku simu inapopotea. Namba za menyu ninazotaja ni za Tanzania. Aliyeko Kenya, Uganda au Kongo atahitaji menyu za mtandao wake.

Hatua ya kwanza: laini iwe yako kweli

Laini husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ile yenye tarakimu 20 inayoanza na mwaka, mwezi na siku yako ya kuzaliwa. Utaratibu huu ulianza Mei 2019, na laini ambazo hazikuhakikiwa zikaanza kuzimwa Januari 2020. Wengi waliokimbilia foleni siku zile walisajiliwa haraka haraka, na wengine hadi leo wanatumia laini zenye jina la shemeji, la bosi wa zamani au la kijana aliyekuwa na kitambulisho siku hiyo.

Usikae na laini ya jina la mtu. Siku ikipotea hutaweza kuirudisha, kwa sababu kidole kinachotakiwa ni cha mwenye jina. Na hela iliyo ndani, kisheria, ni ya huyo huyo.

Piga *106#. Menyu hii ipo kwenye mitandao yote, na itakuonyesha usajili wa laini yako pamoja na namba nyingine zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona namba usiyoijua, usinyamaze. Nenda duka la mtandao husika na kitambulisho, waambie si yako, waifute. Tapeli akiitumia, wa kwanza kuulizwa ni wewe. Jambo jingine: ukisajili laini, gusa mashine mara zinazohitajika tu. Anayekusajili akikwambia "rudia tena mama, haijasoma", tena na tena, muulize inasajili nini. Mashine hugoma kweli, hasa kwa wakulima na mafundi ambao vidole vimesuguka, lakini ukishamaliza, papo hapo piga *106# mbele yake.

Hatua ya pili: simu yenyewe

Kwa mzee wa kijijini anayepiga na kupokea tu, mnunulie kitochi, yaani simu ndogo ya vitufe. Mnamtesa mzee kwa simu janja ya bei rahisi inayokata chaji saa nane mchana, halafu mnalalamika hapatikani.

Kabla ya kulipa bonyeza *#06#. Itatokea namba ya IMEI, yaani utambulisho wa simu yenyewe, yenye tarakimu 15. Simu ya laini mbili itatoa mbili. Linganisha na iliyoandikwa kwenye boksi na, kama betri inatoka, chini ya betri. Zisipofanana, mrudishie simu yake. Unaweza pia kutuma namba hiyo kwa meseji kwenda 15090, utajibiwa ni ya simu ya aina gani. Ukiambiwa Samsung wakati umeshika kitu kingine, umeelewa. Waliokuwepo Juni 2016 wanakumbuka TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilivyozima simu feki usiku mmoja, watu wakaamka na matofali.

Kama unanunua kitochi kilichotumika, toa betri uilaze mezani, kisha izungushe kwa kidole. Betri nzima itagoma au itaburuzika. Ikizunguka kama pia, imevimba katikati. Usiichaji tena, tafuta nyingine.

Hatua ya tatu: mifuko mitatu

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Ndani ya laini moja kuna mifuko mitatu ya hela, na haichanganyiki mpaka wewe uichanganye.

Mfuko wa kwanza ni salio. Hii ni hela ya vocha. Unakwangua, unapiga *104* kisha namba za vocha kisha #. Kuangalia kilichobaki ni *102#. Salio linaweza kukaa, lakini ukilitumia kupiga moja kwa moja au kuingia intaneti bila kujiunga, linakwenda kwa bei kubwa kuliko ya ndani ya kifurushi.

Mfuko wa pili ni kifurushi, yaani bando. Umechukua hela ya salio au ya akaunti yako ya simu ukanunua dakika, meseji na MB zenye tarehe ya kufa. Menyu zake ni *149*01# kwa Vodacom, *149*99# kwa Airtel, *147*00# kwa Yas, yaani ile Tigo ya zamani, na *148*66# kwa Halotel.

Mfuko wa tatu ni fedha: M-Pesa ni *150*00#, Mixx by Yas *150*01#, Airtel Money *150*60#, HaloPesa *150*88#. Hii ni hela kamili, unaweza kuitoa noti.

Sasa mteja anakuja: "Niwekee elfu tano kwenye simu." Kwenye mfuko upi? Nikiiweka kwenye salio huwezi kuitoa noti. Nikiiweka kwenye akaunti ya fedha, *102# haitaionyesha, na utarudi kunigombeza. Sema neno lenyewe: "vocha ya elfu tano" au "niwekee hela kwenye akaunti".

Kuna na mkopo wa salio, ambao nauheshimu kwa dharura tu. Unapewa salio pungufu kidogo kwa sababu ya ada, au deni linaandikwa kubwa kuliko ulichopata. Kesho yake unaweka vocha ya elfu moja, deni linameza kwanza, kinachobaki hakitoshi kujiunga kifurushi ulichokusudia, basi unakitumia kwa bei ya nje ya kifurushi, na jioni unakopa tena. Nina wateja wanaozunguka humo miezi.

Hatua ya nne: jipime wiki moja kabla ya kuchagua

Watu huniuliza mtandao gani una vifurushi vizuri. Siwezi kujibu mpaka nijue unaongea na nani, saa ngapi, na kwa muda gani. Kwa wiki moja fanya hivi. Kila usiku fungua orodha ya simu ulizopiga; simu nyingi, hata vitochi, zina sehemu inayoonyesha muda wa maongezi. Andika kwenye daftari jumla ya dakika na umempigia nani. Kwa simu janja, nenda kwenye mipangilio, sehemu ya matumizi ya data, usome MB za siku saba na programu zilizokula zaidi.

Mama wa mwanzo tulipompima alikuwa anaongea dakika kama tisa kwa siku, karibu zote na watu watatu, na wawili kati yao walikuwa mtandao mwingine. MB hakuwahi kutumia hata moja, simu yake ni kitochi. Lakini kila siku alikuwa ananunua kifurushi mchanganyiko chenye dakika, meseji na MB, kwa sababu ndicho kilichokuwa namba moja kwenye menyu. Tukamhamishia kwenye cha wiki cha dakika za mitandao yote.

Hesabu yake ni rahisi. Tuseme cha siku ni shilingi 500 na cha wiki ni 2,500. Siku saba za 500 ni 3,500, kwa hiyo cha wiki kimekuokolea 1,000, ikiwa kweli unaongea kila siku. Kama unapiga Ijumaa na Jumapili tu, viwili vya siku ni 1,000 na cha wiki umepoteza 1,500. Kifurushi kikubwa ni rahisi kwa anayekimaliza.

Hatua ya tano: soma ujumbe wa kujiunga kama risiti

Mtandao ukikutumia ujumbe baada ya kujiunga, usiufute. Usome vitu vinne.

Kwanza saa. Mitandao huandika saa za kizungu za saa ishirini na nne. Ondoa sita upate saa yetu, na ikibaki 13 au zaidi, ondoa 12 tena: 07:40 ni saa moja na dakika arobaini asubuhi, 13:00 ni saa saba mchana, 18:15 ni saa kumi na mbili na robo jioni, 23:59 ni dakika moja kabla ya saa sita usiku. Hiyo ya mwisho ni muhimu, maana vifurushi vingine vya "siku" huhesabu saa 24 tangu ulipojiunga, vingine hukata saa sita usiku. Ukijiunga cha aina ya pili saa mbili usiku, umenunua saa nne tu.

Pili, "mitandao yote" au mtandao mmoja. Na usidanganyike na namba za mwanzo. Zamani ukiona 075 unajua ni Vodacom, 078 ni Airtel. Tangu Machi 2017 mtu anaweza kuhama mtandao na namba yake, hivyo 075 ya shangazi inaweza kuwa imehamia kwingine, na dakika zako za ndani ya mtandao zisifanye kazi kwake. Ukimpigia ukaona salio linakatwa wakati dakika zipo, huenda sababu ni hiyo.

Tatu, MB za nini. "GB 1 ya WhatsApp" ni ya WhatsApp peke yake. Mtu akikutumia kiungo cha video ukakigusa, umetoka WhatsApp umeingia YouTube, na huko unatumia MB za kawaida au salio. Vivyo hivyo MB za usiku: mchana zipo ila zimelala.

Nne, kama kinajirudia. Menyu nyingine huuliza "mara moja" au "jiunge moja kwa moja". Ukichagua cha pili, kila kikiisha salio litakatwa kujiunga upya, hata ukiwa umelazwa hospitali na simu imezimwa.

Nyongeza kidogo kuhusu meseji. Meseji moja hubeba herufi 160. Ukiweka emoji hata moja, uwezo unashuka hadi 70, na ujumbe wako mrefu unahesabiwa kuwa meseji mbili au tatu. Alama ya ritifaa iliyopinda, ile inayokuja ukikopi maneno yenye "ng’ombe" kutoka kwingine, hufanya hivyo hivyo. Na mwenye kitochi mara nyingi huona kiboksi tu badala ya kile kicheko chako.

Hatua ya sita: ziba mianya ya simu janja

Malalamiko ya "bando linaisha haraka" yana ukweli wake, lakini nikishika simu ya mlalamikaji, mara nyingi nakuta mianya hii.

Simu ina laini mbili, kifurushi kimenunuliwa laini ya kwanza, data imewashwa laini ya pili. Huyu hujiunga mara mbili kwa hasira kabla ya kuja kwangu. Nenda kwenye mipangilio ya laini, uchague laini ya data, na nyingine ya kupigia ukitaka.

WhatsApp inashusha kila kitu yenyewe. Kwenye kundi la familia na la harusi, asubuhi moja zinaweza kuingia video thelathini. Fungua mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, uondoe tiki za picha, sauti, video na nyaraka unapotumia data ya simu. Kuanzia hapo kitashuka ulichokigusa mwenyewe. Play Store nayo iambie isasishe programu kwa Wi-Fi tu.

Kisha washa kiokoa data, kinachozuia programu zisizotumika kula nyuma ya pazia, na uweke onyo na kikomo cha data. Ukinunua GB 1, weka onyo kwenye MB 800.

Ili ujue unachokula: maongezi ya sauti ya WhatsApp hula kama nusu MB kwa dakika, wakati ya video hula mara kadhaa ya hapo. Video ya YouTube kwa ubora wa 480 inakaribia nusu GB kwa saa. Ukishusha hadi 144 inakuwa chini ya MB 100. Kwa mahubiri na taarabu, ambavyo unavisikiliza zaidi ya kuvitazama, 144 inatosha kabisa. Mimi mechi sishushi hivyo, mpira hauonekani.

Mwisho, zima data kifurushi kikikaribia kwisha. Mtandao unatakiwa kukuarifu ukifika asilimia 75 na ukimaliza, na kukutoza nje ya kifurushi kwa ridhaa yako. Lakini ridhaa hiyo watu hubonyeza "1" bila kusoma. Nenda kwenye menyu uangalie kama uliwahi kukubali.

Hatua ya saba: kitochi kwa aliyekipata leo

Kwa vitochi vingi vya mtindo wa Nokia, kufungua vitufe ni kitufe cha juu kushoto halafu nyota. Alama ya # ukiishikilia sekunde mbili, simu inakaa kimya, na ndiyo sababu kubwa ya "babu hapokei": ilibonyezwa mfukoni. Ishikilie tena, mlio unarudi. Wakati wa kuandika, # hiyo hiyo ukiibonyeza kidogo hubadilisha herufi kubwa, ndogo, na ule uandishi wa kubahatisha maneno unaomsumbua mzee. Uzime kabisa, maana wengi wao hubahatisha Kiingereza.

Hifadhi majina kwa +255 badala ya sifuri, na uyahifadhi kwenye laini, si kwenye simu tu, ili simu ikifa majina yabaki. Kisha weka kupiga kwa kitufe kimoja: 2 iwe mtoto wa kwanza, 3 wa pili, 4 bodaboda wa kuaminika. Mwambie mzee ashikilie 2 mpaka aone jina. Mfanyishe mbele yako mara tatu, na mara ya nne umwache peke yake, wewe ukae chumba cha pili upokee. Na 112 ya dharura aijue; inapigika hata bila salio.

Hatua ya nane: matapeli

"Ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja…" Kila Mtanzania ameipata. Tapeli anaituma kwa maelfu ya watu akitegemea mmoja wao awe anadaiwa kodi siku hiyo. Isambaze kwenda 15040, utajibiwa utaje namba iliyokutumia, utaiandika. Ni bure na inachukua dakika moja.

Hatari zaidi ni anayepiga. "Mimi ni huduma kwa wateja, kuna hela imeingia kwako kimakosa, bonyeza ninavyokwambia." Huduma kwa wateja ya mitandao yote ni 100. Anayekupigia kwa namba ya kawaida ya tarakimu kumi ni mtu. Na hela ikiingia kimakosa kweli, usimrudishie wewe mwenyewe. Fungua menyu yako ya *150 uone salio la fedha, maana meseji ya "umepokea" anaweza kuwa ameiandika kwa mkono. Kisha mwambie aliyekosea apige 100, mtandao ushughulike.

Namba ya siri usimpe mtu, na nasema hivi nikiwa wakala: sihitaji namba yako ya siri hata siku moja. Kutoa hela unabonyeza mwenyewe, kwenye simu yako, kwa mkono wako. Wakala akisema "nitajie nikusaidie, foleni ndefu", chukua simu yako uondoke. Wala usitumie mwaka wako wa kuzaliwa. Umeandikwa mwanzoni mwa namba yako ya NIDA.

Hatua ya tisa: simu imepotea, au umechoka na mtandao

Ikipotea, azima simu hapo hapo upige 100, waifunge laini na akaunti ya fedha. Usisubiri kesho ukidhani labda ipo nyumbani. Baadaye nenda na kitambulisho na vidole vyako, utapewa kadi mpya yenye namba ile ile. Dukani, wakati unangoja, badilisha namba ya siri pia.

Laini ikidai PUK, yaani namba ya kuifungulia, ni kwa sababu PIN, namba ya siri ya laini yenyewe, imekosewa mara tatu. Acha kubahatisha. PUK ina tarakimu nane, iko kwenye kile kipande cha plastiki laini ilimokatwa, na ukiikosea mara kumi kadi inakufa. Kipande hicho watu hukitupa palepale dukani kwangu, nakifagia kila jioni.

Ukitaka kuhama mtandao na namba yako, nenda kwa wakala wa mtandao unaouhamia na kitambulisho, halafu utatuma neno PORT kwenda 15080 kutoka laini yako ya sasa. Kabla ya hapo toa hela zote kwenye akaunti ya fedha, lipa salio ulilokopa, na umalize kifurushi; haviendi na wewe.

Sasa chukua karatasi moja, andika kwa kalamu nene: *102#, *106#, menyu yako ya vifurushi, 100, 15040, 112, na IMEI ya simu. Ibandike nyuma ya mlango wa chumbani. Ya mama wa elfu mbili niliiandikia hapa kibandani, na chini yake nikaongeza mstari mmoja alioniomba mwenyewe: "Ondoa sita."